Matairi Laini ya Gari la Marehemu Mdogo Wangu

Yamesemwa mengi katika familia kuhusu matairi ya gari la marehemu mdogo wangu, na mengi kati ya hayo si sahihi. Imedaiwa kwamba niliyakataa matairi mapya kwa ukaidi, kisha nikayakubali baada ya kubembelezwa. Sikuwa mkaidi, wala sikubembelezwa. Nilichanganyikiwa, na naiandika hali hiyo kama ilivyokuwa, kwa kuwa sehemu yake ninayo hadi leo.

Nianze na hili. Katika jimbo la Minnesota, huku Marekani, gari la mtu binafsi halikaguliwi. Mwenye gari analipia namba, anabandika stika, anaingia barabarani, na hakuna afisa anayeinama kutazama anakanyagia nini. Mimi nilitumikia serikali kule nyumbani Tanzania kama mkaguzi wa magari mpaka nikastaafu, na kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo ya kuinama. Shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, ni muuguzi, na ndiye ninayeishi kwake katika mji wa Coon Rapids. Aliponieleza kwamba ofisi ya ukaguzi hapa haipo, nilimwomba arudie.

"Haipo, shemeji," akasema. "Labda uwe wewe."

Nilidhani ni utani. Baadaye ikawa ndivyo.

Mdogo wangu aliacha gereji kwake gari la zamani la Kimarekani, la milango miwili, lenye boneti ndefu kama meza ya mkutano na injini inayosikika kabla gari halijakata kona. Wenyeji huyapa magari ya aina hiyo jina la misuli. Alilifufua mwenyewe kwa mikono yake, kila wikiendi aliyopata, na mtu pekee aliyeruhusiwa kumshikia taa alikuwa binti yake. Sasa baba hayupo, binti ni mtu mzima mwenye kazi yake, na gari ndilo alilobaki nalo kutoka kwa baba.

Siku moja ya mvua, binti alipokuwa akiingia barabara kuu, tako la gari liliserereka, gari likageuka likatazamana na waliokuwa wakija nyuma. Hakuna aliyeumia. Lakini shemeji aliuchukua ufunguo, akautia kwenye mkoba wake wa kazini.

"Nimeshazika mume," alimwambia binti mbele yangu. "Mtoto sitamzika. Gari linauzwa."

Binti alinitazama mimi. Ndipo shemeji naye akanigeukia.

"Haya, mkaguzi. Likague. Ukisema linafaa, namrudishia ufunguo. Ukisema halifai, linaondoka."

Sijawahi kupewa madaraka makubwa kiasi hicho kwa maneno machache kiasi hicho.

Nilikagua. Breki nzima, usukani mzima, taa zote zinawaka. Nikainama kwenye matairi. Nyumbani kipimo changu cha haraka kilikuwa ukucha wa kidole gumba: nauzamisha katikati ya kashata, vile vipande vya raba vilivyoinuka kwenye tairi, nao ukizama vizuri, gari linapita. Usipozama, tairi hilo ni kipara, na gari halitoki uani hata dereva awe wa bosi wangu. Ukucha wangu ulizama wote. Kashata zilikuwa kama zimetoka kiwandani jana.

"Matairi ni mazuri sana," nikasema.

"Hapana, Baba Mkubwa," akasema binti. Huyu mtoto wetu hunijibu kwa Kiingereza siku zote. Kiswahili chake hupatikana akiwa na shida. "Hayo ndiyo mabaya. Hayashiki."

"Hayashiki nini?"

"Hayashiki chini! Baba aliyaweka nikiwa mdogo. Yamekaa tu gereji. Yamekuwa mbao."

Nilimweleza kwamba tairi lenye kashata kamili haliwezi kuwa baya. Alinieleza kwamba linaweza. Tukaelewana kwenda kwa wauza matairi katika mji wa Oakdale, nami nikauazima ufunguo kwa shemeji kwa safari hiyo moja tu. Kulikuwa kukavu, na binti aliendesha kama anayebeba mayai.

Muuzaji alikuwa Mkenya mchangamfu, na alipotusikia tukizungumza Kiswahili alifurahi kupita kiasi.

"Karibu, mzee! Unataka ya kushika lami? Wacha nikushow."

Kitenzi hicho nilikiacha kipite. Alinionyesha tairi la kwanza, akalisifu kwamba namba ya kupima uchakavu iliyoandikwa ubavuni mwake ni ndogo sana.

"Ndogo ndiyo duni?" nikauliza.

"Ndogo ndiyo tamu, mzee! Kubwa inadumu, lakini haishiki. Ndogo inashika, lakini inaisha haraka."

"Kwa hiyo ninalipa zaidi ili liishe mapema?"

"Sasa umeshika!"

Sikuwa nimeshika chochote. Kisha akaleta la pili, alilosema ndilo bora kuliko yote dukani. Nililitazama, nikavua miwani, nikaipangusa, nikalitazama tena. Lilikuwa kipara. Lilikuwa na mifereji michache ya kubabaisha, kwingine kote raba tupu. Nimewazuilia watu magari yao kwa matairi yenye kashata nyingi kuliko lile, na hapa limefungwa nailoni kama zawadi ya harusi.

"Hili ni jipya?"

"Jipya kabisa! Na linaruhusiwa barabarani. Ila tu mvua ikinyesha, mzee, mwambie aende pole. Na baridi ikikaza usilisogeze hata, raba inaweza kupasuka."

"Yaani tairi la barabarani linaloogopa mvua na baridi," nikasema, "na mnaliuza Minnesota."

Mkenya alicheka mpaka akashika kaunta. Binti naye alicheka, kisha akanyamaza ghafla, kwa sababu aliona uso wangu. Alijua ninachokaribia kusema nyumbani: halifai.

Nilitoka nje kupata hewa. Nikainama tena kwenye gari, nikauzamisha ukucha kama kawaida, nao ukazama kama kawaida. Kisha, bila sababu ninayoweza kuieleza, niliubonyeza juu ya kashata yenyewe badala ya katikati. Haukuacha hata alama. Ilikuwa kama kubonyeza kwato. Nikarudi ndani, nikalibonyeza lile kipara. Ukucha uliacha alama ya mwezi mwandamo, ikabaki hapo kidogo ikinitazama.

Miaka yote nilipima shimo. Sikumbuki mwongozo wowote ulionitaka nipime ukingo wake.

"Je, lipo tairi ambalo ukucha unazama katikati na pia unaacha alama juu?" nikauliza.

Muuzaji alifikiri. Kwa rimu ndogo za magari ya zamani, alisema, ni aina moja tu. Akaileta. Nikaipima kote kuwili, ikapita.

"Hayo yataisha haraka pia, Baba Mkubwa," binti akaninong'oneza, kama anayeogopa nibadili nia.

"Yaishe. Usiishe wewe."

Yalifungwa mchana ule ule, na tulipoondoka mvua ikaanza. Binti alinitazama, nikamwambia aende, polepole. Tulipofika kwenye njia ya kuingilia barabara kuu nilishika mlango kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine. Gari likapinda. Tako likabaki nyuma yetu, mahali pake. Binti alishusha pumzi kwa sauti, mimi nilishusha yangu kimya, kama afisa.

Shemeji alitusubiri mlangoni, bado na sare za kazini.

"Limepita?"

"Limepita kwa masharti. Theluji ikikaribia linalala gereji mpaka iyeyuke. Siku ya mvua, mwendo wa haraka ni marufuku. Na matairi nitayakagua mimi."

Shemeji alitoka nje kwenye mvua mpaka kwenye gari, ambalo tangu msiba sikuwahi kumwona akilisogelea, akainama, akabonyeza tairi kwa kidole gumba.

"Mbona laini hivi?"

"Ndivyo linavyotakiwa."

"Nani kasema?"

"Mkaguzi," nikasema. Sikuwa na maelezo zaidi, na nilimwomba Mungu asiniulize la pili.

Alibonyeza tena, akapangusa kidole kwenye sare yake, akaunyoosha mkono wake kwangu. Nikauchukua ufunguo kwa binti, nikamkabidhi. Aliushika kwa muda, kisha akampa binti.