Chaki ya Buluu Mgongoni kwa Meneja

Kicheko cha Fundi Chaki hakikuwa na breki, na wiki ile ndipo kilipomshinda kabisa. Mjukuu wake alikuwa amemwambia kwamba kwa Kiingereza pasi ni iron, na kupiga pasi nako ni iron hiyo hiyo.

"Toka hapa, mke mwenzangu! Pasi ijipige yenyewe?"

"Kweli, Bibi! Button ni kifungo, na kufunga vifungo ni button. Brush ni brashi, na kupiga brashi ni brush."

Loo! Bibi akashika mbavu. Miaka yote alikuwa akikiogopa Kiingereza, kumbe neno moja linafanya kazi mbili bila kunung'unika, kama yeye! Maana alishona sare za hoteli miaka kumi na moja, na tangu mkuu wa chumba cha kushonea astaafu, kazi ya mkuu nayo aliibeba yeye. Sasa meneja alitaka kujaza nafasi ile, na Jumatatu angemsikiliza Kiingereza chake, kwa kuwa wageni kutoka ng'ambo huja wenyewe na nguo zao za kurekebishwa. Fundi Chaki alikitaka cheo kile mpaka chakula hakipiti.

Daftari hakuwa nalo. Tangu ujana, jambo la kukumbuka aliliandika kwa chaki ya buluu upande wa ndani wa nguo, pamoja na vipimo, akalifuta kwa brashi kabla ya kuitoa. Maneno mapya nayo akayapeleka huko huko, kwenye bitana ya koti jipya la meneja: IRON kifuani, BUTTON kwapani, na mgongoni BRUSH kubwa kweli kweli. Ijumaa akatoka kidogo, kurudi koti halipo. Mwenyewe kalichukua.

Jumatatu meneja akamkaribisha kiti. Joto lilikuwa kali. Akavua koti, akageuka kufungua dirisha.

Mama yangu! Shati jeupe pepepe, na mgongoni BRUSH ya buluu, herufi zimegeuka kama kwenye kioo. Kicheko kikampanda, akakibana kwa kiganja. Akisema, amejichongea. Akinyamaza, bwana wa watu anashuka hivyo hivyo mbele ya wageni. Hapana, nguo aliyoishona yeye haimwaibishi mtu. Akatoa brashi mfukoni mwa aproni.

"Sir," akasema, "I have brush. Please, I brush you."

Meneja akajipapasa, akaona vidole vya buluu. Akalifunua koti, akasoma bitana nzima mpaka kwapani.

"Nani kaandika haya?"

"Mimi, baba. Nilikuwa najifunza, nikasahau kufuta. Nisamehe."

Fundi Chaki akafumba macho, akakiaga cheo. Mara akasikia kiti kinalia: meneja kakiangukia, anacheka hana hewa. Basi na yeye breki zikakatika, wakacheka wote wawili mpaka machozi. Kisha meneja akamgeuzia mgongo.

"Brush!" akaamuru.

Akapiga brashi mpaka shati likang'aa. Meneja akavuta droo, akatoa funguo za chumba cha kushonea, akamwekea kiganjani.

"Ila makoti yangu mengine, mkuu," akasema, "uyafute kabla sijayachukua."