Ukungu Chini ya Uwanja wa Malori

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo alinipokea Vwawa akiwa na kiazi mviringo mkononi na kisu cha kukunja. Cheti changu hakukitazama.

"Ukikipiga picha hiki utaona nini?"

"Ganda," nikasema.

"Na kikiwa kimeoza katikati?"

Akakikata vipande vyembamba, akavipanga mezani, kisha akavibananisha tena kikawa kiazi kizima. Kipande cha kati kilikuwa na doa jeusi. "Wachoraji wengi wa kompyuta wanachora ganda," akasema. "Sisi tunachora kilichomo."

Nilitoka chuo kikuu na tabia ya kuhoji kila kitu, hadi wenzangu wa bwenini wakaniita Wakili, jina lililonifuata hadi kazini. Kazi ile niliiacha mapema kuliko watu wanavyostaafu, na wanafunzi ninaowafundisha sasa wanapenda kuniuliza ilifanywaje. Nitawaeleza kama nilivyoiona.

Miaka ile Songwe ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya. Kitengo chetu kilifanya utafiti wa kuchora ardhi kwa ujazo. Tulikuwa na rada ya ardhini, kisanduku juu ya kigari cha kusukuma, kinachopeleka mawimbi chini na kusikiliza mwangwi unaorudi. Unapita mstari mmoja, unarudi kwa mstari wa pembeni yake, hadi uwanja uishe. Vibarua walinicheka: "Injinia, unapiga pasi uwanja? Mbona mikunjo haiishi?"

Kila mstari ulitupa ukuta mmoja wa namba, kama kile kipande kimoja cha kiazi. Kompyuta iliunganisha kuta zote zikawa bonge moja la ardhi, kisha ikaligawa katika vijichemraba vidogo sana ambavyo wataalamu huviita vokseli. Kila kimoja kilibeba namba moja, nguvu ya mwangwi wa mahali pale.

Kilichobaki ndicho kilichoninyima raha. Bonge lote likichorwa kama lilivyo, ni giza tupu, huoni ndani. Lazima mtu aamue namba zipi zionekane na zipi ziwe kama hewa. Mpaka huo tuliuita kizingiti. Ukikipandisha, udongo unatoweka na vitu vikubwa vinabaki vikielea, picha safi kabisa. Ukikishusha, ukungu unaingia na vitu vinazama ndani yake.

"Nani anasema kizingiti kiwe hapa?" nilimuuliza Mkuu nikiwa na wiki chache tu kazini.

"Mimi."

"Na wewe umeambiwa na nani?"

"Wakili," akasema bila kuinua kichwa, "kasukume kigari."

Nanyala tulitafuta mashimo chini ya tuta la barabara, na kizingiti cha Mkuu kilitosha. Kata ya Ruanda tulitafuta tabaka lenye maji la kuchimba visima, kikatosha tena. Nikaanza kudhani nauliza kwa sababu tu napenda kuuliza. Kisha tukapelekwa Tunduma.

Malori ya kuvuka mpaka yalikuwa yakipanga foleni hadi yanaziba barabara, na mwekezaji mmoja alitaka eneo la pembeni ya mji alifanye maegesho. Humo mlikuwa na makaburi ya zamani. Yaliyojulikana yangehamishwa kwa heshima. Sisi tulitakiwa kuonyesha yaliyopotea alama. Pale picha ingesema hakuna kitu, greda lingepita.

Bi Namwinga alikuja asubuhi ya pili, mama mwenye umri wa kuwa bibi yangu, ameshika mkono wa mdogo wake Jailosi, wakala wa kutoa mizigo forodhani. Nikamwamkia. Akanipeleka moja kwa moja kwenye nyasi fupi upande wa kusini.

"Mwanangu wa kwanza yuko hapa. Hakumaliza mwezi. Tulimfunga kitenge tu, sanduku hatukuwa nalo. Wakati ule palikuwa na mti, nao wameukata. Greda lisipite juu yake, baba."

Tulipapitia kwa rada mara nyingi. Kwenye kizingiti cha Mkuu makaburi mengine yalijitokeza wazi, marefu, yamelala sambamba. Pale kwa Bi Namwinga palikuwa hewa.

Nikashusha kizingiti. Ukungu ukajaa, na ndani yake, karibu na alipoonyesha, likatokea wingu dogo la mviringo. Lakini nilipougeuza mchoro niliona mawingu ya namna ile kila upande, hata mahali ambapo wazee wote walisema hapajawahi kuzikwa mtu. Udongo mwekundu wenye maji unameza mawimbi na kurudisha mabaka kama hayo.

Jailosi alikuwa amesimama nyuma yangu. Akakiona kile kiwingu, akaninong'oneza, "Msomi, mwite dada, mwambie huyu hapa. Utapungukiwa nini?"

"Sijui kama ni yeye."

"Nani amekuuliza kujua? Mama anataka kulala."

Mkuu naye alikuwa ameandika neno lake kwenye taarifa: hakuna.

"Hatujui kama hakuna," nikamwambia. "Tumeamua kutoona. Andika haijulikani."

"Ukiandika haijulikani hapa, utaiandika uwanja mzima. Watachimba kila mahali au hawatachimba popote. Umepata kuona mtu analipia picha ya ukungu?"

"Basi ondoa jina langu."

Akaweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kugombana na wanaotaka jibu moja. "Ungekuwa wewe," akauliza hatimaye, "ungechimba?"

"Hapo alipoonyesha, ndiyo. Kwa mkono."

Akafuta neno lake, akaandika langu, na pale kwenye mchoro pakapakwa kijivu, rangi ya pasipojulikana.

Walichimba wazee wa ukoo, polepole, kwa jembe na kisha kwa viganja. Hatukukuta mfupa wala uzi. Tulikuta udongo mweusi kidogo kuliko wa pembeni, mpana kama beseni. Bi Namwinga akapiga magoti.

"Ndiye?" akaniuliza.

Jailosi alinikazia macho.

"Sijui, mama."

Akauchota udongo ule ndani ya kitambaa cheupe, akakifunga fundo. "Na mimi sijui," akasema. "Tumbebe."

Kazi iliyofuata Mkuu alikataa rangi ya kijivu, na iliyofuata hiyo pia. Mwisho nikaaga. Aliniandalia soda na akanipa kisu chake cha kukunja. Sasa nafundisha hisabati na kompyuta Vwawa. Mwanafunzi akiniletea mchoro safi mno, namuuliza ameficha nini. Wengine wanaudhika.

Nikipita Tunduma huona malori yameegeshwa pale palipokuwa na nyasi fupi. Makaburi yaliyohamishwa yako ng'ambo ya barabara, na katikati yake kuna dogo limezungushiwa matofali. Safari moja nilimkuta Bi Namwinga akilifagia. Tulisalimiana, nikamshikia fagio wakati anafunga kanga. Sikumuuliza kama ana hakika. Yeye naye hakuniuliza.