Nyasi za Juu ya Mlima

Niliolewa Songambele miaka ya arobaini, katika nyumba iliyotazamana na mlima ambao hakuna mtu aliyekuwa na shughuli nao. Huko juu, walisema, huota nyasi laini kuliko zote, na mama mkwe wangu hakubali kukalia nyasi nyingine. Kwetu mgeni akija sakafu hutandikwa nyasi mbichi, kwa hiyo sikushtuka, nyasi ni nyasi. Kisha nikaambiwa kwamba mke wa kwanza wa mume wangu alirudishwa kwao baada ya kutandika za bondeni. Husemwa akufukuzaye hakwambii toka. Mama huyu alimwambia toka, tena mchana, majirani wakisikia.

Alikuwa akikaa Nyaishozi kwa mwanawe mkubwa. Akatuma habari kwamba angekuja kuniona baada ya mavuno ya maharage.

Nikamwuliza mume wangu njia ya kupandia. Akaunyooshea mlima mdomo, akasema, "Hapo tu." Jirani yetu, mzee mwenye heshima zake, akanipa maelekezo marefu, yenye mti wa kugeukia na jiwe la kupumzikia. Nilishinda kutwa nikiutafuta mti huo, na baadaye nikajua kwamba mzee hajapanda mlima ule hata siku moja. Kwa watu wale ni aibu kumwacha bibi harusi bila jibu, basi kila niliyemwuliza alinijibu vizuri, na kila mmoja alikuwa na miiba yake ya kunitupia. Mara ya tatu nilirudi nguo imechanika mgongoni. Niliwachukia wote, na mume wangu zaidi, maana alicheka.

Jioni moja nikipalilia migomba niliinua macho, nikaona ng'ombe kule juu, na mapembe yao marefu, wametulia. Nikajisemea, ng'ombe haruki. Asubuhi nilizunguka nyuma ya mlima, upande wanaponyweshwa, nikafuata mavi. Njia yao ilizungukazunguka bila haraka, maana wao hawasubiri mama mkwe. Kabla ya adhuhuri nilikuwa juu, nyasi zikinifika magotini. Nilishuka na mzigo kichwani huku nikiimba, jambo ambalo si kawaida yangu.

Mama mkwe akaja. Alisimama mlangoni, akainama, akachukua unyasi mmoja, akaunusa, kisha akautafuna. Vitu vyangu nilikuwa nimeshavifunga, kwa tahadhari.

"Nani amekuonyesha njia?"

"Ng'ombe, mama."

Akakaa. Ndizi nilizomwandalia zikapoa mbele yake. Halafu akasema kwamba yeye naye aliolewa katika boma hilihili, na maisha yake yote alitandika za bondeni, kwa sababu njia hakuipata. Mama mkwe wake hakukanyaga ndani ya nyumba yake mpaka anakufa.

Hasira zilinipanda. Mwenzangu alirudishwa kwao kwa ajili ya njia ambayo hata huyu hakuijua. Ningenyamaza kama bibi harusi mwenye adabu, lakini mdomo wangu haujawahi kufuata ushauri.

"Basi mwenzangu alikosa nini, mama?"

Alizipapasa nyasi kwa kiganja.

"Hakukosa kitu," akasema. "Kesho nipeleke."

Goti lake lilikuwa bovu, tukapanda kwa mwendo wa ng'ombe mzee. Tulipofika juu alitazama chini, akaliona paa la nyumba yake ya zamani na migomba aliyoipanda mwenyewe.

"Kumbe ni hapa tu," akasema.

Akakata fungu dogo, akakataa nimbebee. Tuliposhuka hakuingia ndani. Alipita nyuma ya migomba hadi kwenye kaburi la mama mkwe wake, akapiga magoti, hata lile bovu, akazitandika nyasi taratibu kutoka kichwani hadi miguuni.

"Ndizo hizo," akamwambia. Kisha akaniomba maji ya kunawa.