Mama Alisema ni Tumbo

Mama alikuwa ameshakoma kupata hedhi nilipoanza kuona damu kwenye matambara yake. Mimi ndiye niliyefua nguo za nyumbani, kwa hiyo hakuwa na pa kuificha. Nilikuwa msichana wa shule karibu na Keumbu, miaka ya hamsini, na nilijua jambo nisiloruhusiwa kulijua. Kwetu Wagusii kuna chinsoni, ile heshima inayowakataza mzazi na mtoto kutajiana mambo ya sehemu za siri. Basi nilifua, nikaanika nyuma ya migomba, tukanyamaza wote wawili.

Hatimaye tulikwenda hospitali mjini. Dresa, yule msaidizi wa hospitali aliyemfasiria daktari Mzungu, alikuwa wa ukoo wetu. Alipomwona Mama tu, alisimama kwa adabu akamwamkia kama mama yake mzazi. Sasa mwanamke atamwambia nini mwanawe? Mama alisema ni tumbo. Tukapewa chupa ya dawa ya tumbo, chungu ajabu, naye akainywa yote kwa utiifu. Nilitamani kuipasua. Tulirudi tena: dresa yule yule, tumbo lile lile, chupa ile ile.

Siku hizi manesi huwaita hata wanawake wasioumwa popote, wawapime kabla ya dalili. Mimi mwenyewe nimepimwa. Wakati ule mtu aliangaliwa akishaanza kuvuja damu, tena ikiwa amethubutu kusema.

Mama akaacha kanisa la Jumamosi, kwa kuogopa kuinuka kwenye benchi watu wakaona. Akaacha soko. Mwishowe akawa mtu wa chumba kimoja, na mimi bawabu wake, nikiwaambia majirani ana homa. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Kisha tukasikia hospitalini kuna nesi mgeni, mwanamke Mjaluo kutoka upande wa ziwani. Hakujua Kigusii, na Mama hakujua Kiswahili, ikabidi nifasiri mimi. Kwa Kiswahili cha shule mdomo wangu ulifunguka: nikataja damu, inakotoka, tangu lini. Mama alitazama ukuta. Hakuelewa neno hata moja, na ndiyo maana niliweza.

Nesi akavuta pazia, akampima, kisha akamwita daktari. Baadaye alinivuta kando.

"Mtoto wangu, hii ni kansa. Iko kwa mlango wa kizazi, na imeenea sana. Mngekuja mapema."

Mama akaniuliza kwa Kigusii, "Amesema nini?"

Nilijikaza, nikamwambia yote kwa lugha yetu, hata yale yaliyokatazwa.

"Anasema tungekuja mapema," nikamalizia.

"Mapema lini?"

"Kabla ya damu."

Mama alinitazama usoni.

"Kabla ya damu nilikuwa mzima," alisema. "Ningemwambia daktari naumwa nini?"