Maneno Niliyoyameza Mbele ya Wasichana

Siku ya kwanza kazini, hospitalini Mbeya, Matroni, mzungu aliyesimamia wauguzi, alinitazama mikono, akaniuliza kama ninajua Kiingereza na Kinyakyusa. Nikasema navijua. Palepale nikawa mkunga msaidizi na mkalimani wake. Asubuhi nilichemsha vyombo vya uzazi, nikajifunza kutumia pembe, kile kifaa cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Mchana nilimfuata Matroni kila alikokwenda, nikisema alichosema. Nilijivuna sana. Ninyi wakunga wa leo, jueni mapema: sikuwa mjinga, nilikuwa mwoga.

Mwaka wa pili tulialikwa shule ya kati ya wasichana. Matroni alitaka kuwaeleza wa darasa la saba jinsi mwili unavyokua, hedhi ni nini, na mimba huja vipi. Kabla hatujaingia, Mwalimu Mkuu, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alinivuta pembeni.

"Binti, wewe ni wa kwetu. Huyu mzungu hajui mila. Waambie waoge, wafue vitambaa vyao, basi."

Matroni akasema nusu saa nzima. Mimi nikasema kuoga na kufua. Mwishoni msichana mmoja, Tusekile, akasimama, akaniuliza kwa Kinyakyusa:

"Dada, ni kweli asiyeolewa hawezi kushika mimba?"

Mwalimu Mkuu alikuwa amenikazia macho.

"Kaa chini, mdogo wangu. Utayajua ukubwani."

Matroni akaniuliza msichana amesema nini. Nikamjibu, "Anashukuru."

Mwaka uliofuata Tusekile aliletwa kwa machela, siku ya tatu ya uchungu. Nyonga zake zilikuwa bado changa. Niliweka pembe, nikasikiliza, nikasikiliza tena. Kimya. Yeye alipona, lakini akabaki na nasuri, tundu la ndani linalovujisha mkojo bila kukoma. Siku hizi mnaiita fistula. Shule ilikwisha kumfukuza. Mwalimu wa shule ya jirani aliyempa mimba walimhamisha tu, akaenda kufundisha watoto wa watu wengine! Nikilikumbuka hilo, hata leo damu inanichemka.

Alinitambua. "Dada, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Akageukia ukutani. Baadaye mama yake akaja kumchukua.

Baadaye nilihamishiwa zahanati ya Igowole. Huko niliwakusanya wasichana kila Alhamisi, nikawaambia yote. Wazee wakashtaki. Afisa Tabibu akaja kutoka Iringa, hata kiti hakukubali.

"Nasikia unawafundisha watoto uhuni."

"Bwana Tabibu, uhuni niliufanya Mbeya, niliponyamaza."

"Nitakuandikia onyo."

"Andika, bwana. Alhamisi nina kazi."

Akaandika. Nilistaafu na cheo kilekile.

Sasa ninaishi Mlandege, hapa Iringa mjini. Wakunga vijana huja kunisalimia, wananiambia, "Bibi, usijilaumu, zama zile zilikuwa hivyo." Zama! Zama zina mdomo? Mwenye mdomo nilikuwa mimi, na yule Mwalimu Mkuu, na wale mabwana waliokaa ofisini wakamhamisha mwanamume na kumfukuza mtoto.

Juzi mmoja wa wakunga hao alinieleza kwamba wazazi wamemkataza kuzungumza na mabinti zao kliniki. Akataka ushauri.

"Msichana akikuuliza, mjibu palepale," nikamwambia. "Huenda asirudi kuuliza."