Maswali ya Katuni Mlangoni kwa Wifi

Mdogo wangu wa kiume alipotuambia amepata mchumba Tunduma, mama aliuliza mambo mawili tu: binti anasali wapi, na anafanya kazi gani. La kwanza lilijibika. La pili, mdogo wangu akajikuna shingo.

"Anachora katuni."

"Anachora nini?"

"Katuni, mama. Vitabu vya mashujaa. Watu weusi wanaopaa."

Mama alikuwa anachambua kahawa kwenye kichanja nyuma ya nyumba yetu, Hasamba, Mbozi. Hakuinua hata kichwa. Alitupa punje mbovu chini, akasema, "Na kahawa itapaa yenyewe mpaka kiwandani?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nina kicheko kibaya mimi, hata mchungaji ameshanionya.

Binti mwenyewe hakuwa na utani. Alilelewa na shangazi yake mfanyabiashara wa mitumba, upande wa pili wa mpaka, Nakonde, na vitabu vya katuni vilikuwa vinakuja vimebanwa humo humo kwenye marobota ya nguo. Ndivyo alivyojifunza kuchora, kwa kuvinakili. Alimwambia mdogo wangu wazi: "Nakupenda, lakini nikiolewa halafu niambiwe niache kuchora, bora nibaki kwa shangazi." Mdogo wangu alitueleza hayo, na mama akasonya. Jamani, nilimhurumia. Alikuwa amependa kweli yule.

Sasa, kwenye ukoo wetu, siku ya kupeleka posa bwana harusi hafungui mdomo. Anakaa ameinamisha kichwa. Mama yake naye hasemi, maana akisema watu watadai amekuja kujitafutia mfanyakazi. Anayesema mlangoni ni dada mkubwa, na dada mkubwa ni mimi. Mabinti wa upande wa pili wanaufunga mlango kwa kanga, na kwa kawaida wanataka hela ndipo waifungue. Safari hii tulitumiwa ujumbe mapema: hela kaeni nazo, bibi harusi anataka majibu. Chemsha bongo, kuhusu mashujaa weusi wa kwenye vitabu vya katuni. Mkishindwa, mnarudi na mizigo yenu.

Nilifoka! Mimi, muuza vitenge wa mpakani, nikae nisome watu wanaovaa chupi juu ya suruali? Lakini nikamwangalia mdogo wangu alivyonyong'onyea, nikasema haya, lete.

Akaleta furushi zima. Tukawa tunachambua kahawa huku yeye anatusimulia, maana vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza na Kiingereza changu kinaishia kwenye bei. Akatuambia kwamba zamani mtu mweusi kwenye katuni alichorwa midomo mikubwa, kazi yake kubeba mizigo ya shujaa na kuogopa mizimu. Akatuambia kwamba hata walipoanza kuwa mashujaa, wengi walibandikwa neno "mweusi" kwenye jina lenyewe.

"Kwani msomaji ni kipofu?" mama akauliza. "Si anaiona picha?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mama anasikiliza. Siku zilivyokwenda akawa ananisahihisha yeye kabla ya mdogo wangu. "Hapana! Umeshasahau tena? Kichwa chako kimejaa vitenge tu."

Siku moja mdogo wangu akatusimulia kitabu cha katuni kilichochorwa na watu weusi wenyewe, huko Marekani, kabla hata marehemu baba hajazaliwa. Kilitoka toleo moja tu. La pili lilikuwa tayari, lakini wakakosa wa kuwauzia karatasi.

Mikono ya mama ikasimama. "Karatasi tu?"

"Karatasi tu, mama."

Akarudi kwenye kahawa yake. Jioni ile hakunisahihisha tena.

Siku ya posa tukafika Tunduma, tukajipenyeza katikati ya malori yaliyopanga foleni ya mpakani mpaka tukaifikia nyumba ya kina bibi harusi. Shangazi alikuwa amevuka kuja kutupokea. "Karibuni, mukwai," akasema kwa adabu ya kwao Zambia, "lakini mlango una wenyewe." Kweli, mabinti walikuwa wamesimama nyuma ya kanga, na bibi harusi yuko ndani, nyuma ya pazia la dirisha.

Swali la kwanza lilikuwa lile la majina: wengi walibandikwa neno gani? Nikajibu, nikaongeza na swali la mama kuhusu kipofu, upande wetu wakapiga vigelegele. Nikavimba kichwa.

La pili: "Mashujaa weusi wengi wamepewa nguvu gani?"

"Radi!" nikapaza sauti. "Huyu anapiga radi, yule anaamrisha radi, mwingine mwili mzima umeme!" Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana. Lakini mdomo wangu huu hauna breki. "Hao wachoraji wamehangaika bure, wangepita tu hapo Sumbawanga wangewaokota barabarani!"

Vijana wakaangua kicheko. Mzee mmoja, baba mkubwa wa bibi harusi, akanyanyuka polepole na fimbo yake.

"Mama yangu mzazi ni wa Sumbawanga," akasema.

Vijana wakaziba midomo. Lori likapiga honi huko barabarani.

"Mmekuja kuoa, au mmekuja kutangaza kwamba mama yangu alikuwa mchawi wa radi?"

Mungu wangu. Mdogo wangu alikuwa anatiririka jasho na haruhusiwi hata kusema samahani. Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi, na kitenge changu kipya. "Shikamoo baba. Nisamehe baba. Ni ujinga."

Akaniacha magotini kwanza. "Marahaba," akasema mwishowe. "Shukuru amekwisha kufa. Angekuwepo, ungerudi Hasamba umeungua." Akacheka yeye kwanza, ndipo watu wote wakapata ruhusa ya kupumua.

La tatu nilikuwa nalisubiri: kitabu cha weusi wenyewe, kwa nini toleo la pili halikutoka?

"Walikosa wa kuwauzia karatasi," nikajibu, kwa adabu sasa, bila nyongeza.

Nilidhani kanga itafunguliwa. Badala yake pazia likasogea, na bibi harusi, ambaye naye hatakiwi kusema, akachungulia. Alikuwa na wino kwenye vidole, siku ya posa yake.

"Na kwenu, wifi? Karatasi ipo?"

Nilijua anachouliza, na nilijua nyumba ile si yangu, ni ya mama. Nikisema ipo, halafu mama amgeuke kesho, nitakuwa nimemdanganya binti wa watu mlangoni kwao. Nikageuka kumtazama mama.

Mama alikuwa amekaa mkekani na kapu letu la zawadi. Akasimama. Akatoa kitenge, akatoa blanketi, akatoa mfuko wa chumvi ya Ivuna, vyote akanibebesha mikononi kama mtoto wa kutumwa. Chini kabisa ya kapu ilikuwepo rimu ya karatasi, haijafunguliwa. Hata mimi sikujua. Akanipita, akaenda dirishani, akamwekea.

"Asubuhi tunachambua kahawa wote," mama akasema, desturi akaiweka pembeni. "Mchana ni wako. Na mimi unichore. Nipae."

Bibi harusi akaanza kulia, shangazi akaanza kulia, na mimi na mizigo yangu mikononi nikalia bila hata cha kujifutia. Mdogo wangu akasahau yote, akasema, "Asante, mama," na hakuna aliyemkemea.

Harusi ilishapita, na wifi alimaliza kitabu chake msimu huu wa kahawa. Shujaa wake ni mama mtu mzima wa Mbozi, kilemba kichwani, anapaa juu ya mashamba. Sharti la mama lilikuwa moja: apae vyovyote, ila asipande ungo, baba mkubwa asije akaona tunaendelea na mambo ya uchawi.

Tulimsomea mama pale pale kichanjani. Alifunua ukurasa mmoja mmoja, akajiangalia, akacheka peke yake, akafika mwisho akakigeuza kuona kama kuna kitu nyuma.

"Toleo la pili liko wapi?"

"Bado, mama," wifi akasema. "Karatasi zimeniishia."

Mama akajifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na rimu nyingine.