Tembo kwenye Daftari la Otema

Miguu yangu haijui kukaa mahali pamoja, lakini kila nilipopita Wandegeya, pale Kampala, nilisimama kwenye geti la hosteli moja kumsalimu Otema. Alikuwa askari wa geti, Mwacholi mrefu asiyemwamini mtu. Hata mimi, miaka sita ya kunywa chai pamoja, bado aliniandika kwenye kitabu cha wageni: saa ya kuingia, saa ya kutoka.

Zamani, miaka ya waasi, alilinda wanyama huko kaskazini. Kila mwezi alitakiwa kuzunguka porini na kuandika ameona mnyama gani, wangapi, wapi. Daftari hizo alikuja nazo Kampala. Siku moja, kwa majivuno tu, akamwonyesha Nerima, mwanafunzi Mkenya aliyekaa pale hosteli, naye akaziazima.

Baada ya wiki tatu nikamkuta Otema amekunja uso, ramani ya Nerima mkononi.

"Mzee mwenzangu, tazama hii."

Rangi ya kijani ilikuwa imemwagika juu ya kaskazini yote. Chini imeandikwa: tembo, mwaka 2050. Akaweka kidole kando ya mto.

"Hapa ni kwetu. Hapa dada yangu Acan analima simsim. Wanataka kufukuza watu, walete tembo."

Nerima akatoka na vitabu vyake. Otema akamzuia.

"Binti, nani amekutuma?"

"Hakuna, mzee. Ni kazi ya shule."

"Shule gani inagawa shamba za watu?"

Nerima akacheka, akaona anacheka peke yake. Akachuchumaa kutueleza. Pale tembo walipoonekana, kompyuta inatazama mvua ya pale na joto la pale, inajifunza tembo hupenda mahali pa namna gani. Halafu inapewa joto la miaka ijayo, nayo inakisia watahamia wapi.

"Si mpaka, mzee. Ni makisio tu. Na kwenu pamekuwa kijani kwa sababu yako. Uliandika tembo pale mara kumi na moja."

Otema akafunga geti, na ilikuwa saa nne asubuhi, wanafunzi wamejaa wanataka kupita.

"Hizo kumi na moja, toa."

"Sitoi hivihivi. Lazima niandike sababu."

Akanitazama mimi, kana kwamba nitampeleka polisi.

"Andika sikwenda," akasema polepole. "Njia ilikuwa ya waasi. Nilikuwa nakaa kwa mama, nakula, naandika tembo. Bosi alikuwa anataka tembo."

"Hata mmoja hukumwona?"

"Hata mavi yake."

"Eh, mzee wangu! Na mimi nimekusifu ukurasa wa kwanza!"

Otema alikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia duniani, zile daftari, na sasa amekitoa kwa ajili ya simsim ya dada yake.

Jumatatu Nerima akaleta ramani mpya, bado ina joto la mashine ya kuchapisha. Kijani kilikuwa kimepungua sana. Lakini utepe mmoja ulibaki kando ya mto, juu ya shamba la Acan kabisa.

"Na hii?"

"Hii si yako, mzee. Imetoka daftari za kituo cha pili."

"Kituo cha pili alikuwa Oyat." Akafikiri, macho yakawa madogo. "Mama yake Oyat alikuwa anakaa ng'ambo ya huo mto."

"Basi tumwulize."

"Oyat alishakufa."

Otema akaomba ruhusa kazini. Alhamisi atapanda basi la kwanza, azunguke kule kwa miguu yake, na daftari jipya, aandike anachokiona. Nerima akamchorea mistari: tarehe, mahali, idadi.

Tulipobaki wawili nikamwuliza, "Na ukiwakuta kweli, wako ndani ya simsim, utaandika?"

Otema akavuta kitabu cha wageni, akaandika saa yangu ya kutoka, na mimi bado nimekaa pale, nimeshika kikombe cha chai.